Kijiko cha Bibi Irma

Wiki iliyopita nilirudisha aproni mbili, ufunguo wa kabati la ofisi, na kikombe cha bati ambacho miaka yote nilidhani ni changu. Mganga mkuu mpya, kijana Mtanzania mwenzetu, alinishika mkono akasema kuanzia leo nimestaafu. Mimi nilijua wastaafu ni watu wenye mvi na mkongojo. Sijafika hata arobaini. Lakini kazi yangu imezeeka kabla yangu. Nilikuwa mkalimani wa Kijerumani katika hospitali ambayo sasa haina Mjerumani hata mmoja, na mkalimani wa namna hiyo ni kama daraja la kwetu wakati wa kiangazi: limesimama vizuri, chini yake mchanga mtupu.

Ninyi wauguzi mnaobaki mliniuliza siku ya kuagana, “Dada Tabita, lugha ile uliijuaje, nawe uliishia darasa la sita?” Siku ile nilicheka tu. Sasa nimekaa nyumbani, nina nafasi. Niliijua kwa vitabu vitatu, mpishi mmoja, na misiba mingi.

Nilipofika hospitalini, bendera mpya ilikuwa bado haijapauka kwa jua. Nilitoka Kinyangiri kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visichakae, nikaanza kufua katika nyumba ya Daktari Konrad. Nilikuwa msichana wa ndoto, na ninasema hivyo bila aibu. Niliamini kwamba anayefua mashuka ya Wajerumani hatimaye atafika Ujerumani, na gauni la safari nilikuwa nimeshalichagua kwenye duka la Mwarabu mjini Singida. Gauni lilinunuliwa na mtu mwingine. Ujerumani sijaiona hadi leo, ila nimeipiga pasi.

Aliyenifundisha kusoma Kijerumani ni Bibi Irma, mke wa daktari. Wakati mimi napiga pasi, yeye alikaa mezani na chai yake na kunionyesha maneno kwenye makopo ya unga na chupa za dawa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kikohozi. Chai yake haikuwa na sukari, lakini aliikoroga muda mrefu kwa kijiko kidogo chenye mpini uliopinda, kama mtu anayetafuta kitu kilichozama. Mama yake alimpa kijiko kile alipoolewa. Hakukubali kitumike na mtu mwingine, wala kioshwe na mtu mwingine.

Daktari mwenyewe alikuwa mrefu, mtoto wa msaga nafaka. Kiswahili alikijua cha kutosha kununua kuku. Lakini wagonjwa wetu wengi, hasa akina mama, walikuwa na Kinyiramba tu, na daktari akichoka Kiswahili chake kilimdondoka kama mzigo uliofungwa vibaya, akabaki na Kijerumani. Kwa hiyo siku moja mkalimani mzee alipougua, Bibi Irma akasema, “Mchukue Tabita.” Nikavua aproni ya kufulia nikavaa ya wodini. Mafunzo yangu yaliishia hapo.

Tatizo ni kwamba Kijerumani cha daktari hakikuwa kile cha kwenye makopo ya unga. Kilikuwa cha kinuni kwa baba yake, kimejaa misemo. Katika juma langu la kwanza alimtazama mzee mmoja tuliyekuwa tukimngojea afanyiwe upasuaji, akasema jambo ambalo nililisikia vizuri kabisa: tubonyeze vidole gumba. Nikamtafsiria mzee yule kama dawa. Asubuhi nilikuta wodi nzima ya wanaume imekaa vitandani ikibonyeza vidole gumba, hata aliyevunjika mguu, maana dawa ya bure haikataliwi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao kubonyeza gumba ni kumtakia mtu heri. Mzee alipona. Alipoaga alinionyesha vidole vyake akasema, “Binti yangu, hii dawa inauma lakini ni ya kweli.”

Ndipo nikaanza kuvisumbua vitabu. Vilikuwa rafuni, ofisini kwa daktari. Cha kwanza ni kamusi ndogo ya Kijerumani na Kiswahili, iliyoliwa na mchwa kuanzia mwisho. Hiyo ilijua maneno lakini haikujua watu. Ukitafuta gumba, inakupa gumba, basi. Cha pili ni kamusi kubwa ya Kijerumani kitupu, mgongo wa ngozi, herufi za zamani zenye mikia. Cha tatu ni kitabu cha misemo peke yake, kinene kama tofali.

Mbinu niliyoitumia ni hii, labda itamfaa atakayejifunza lugha yoyote. Nikisikia msemo wodini siukimbizi. Nashika jina moja la kitu ndani yake, mlima, jiwe, mkate, maana vitenzi vinabadilika sura lakini mlima ni mlima. Mchana watu wakilala, naenda rafuni kumtafuta yule mlima. Msemo ukiwa na vitu viwili, naanza na kile cha kwanza. Nikiupata, siufuati kwanza kwa maana yake, nauliza umevaa nguo gani. Hili nilifundishwa na Bibi Irma. Pembeni ya kila msemo mle kitabuni kuna alama ndogo iliyofupishwa: huu ni wa kanisani, huu wa zamani, huu wa matusi, huu wa mzaha. “Maana bila nguo yake, Tabita,” alisema, “ni mtu uchi. Usimpeleke barazani.”

Nikishaupata niliupeleka jikoni kwa Masanja. Masanja alikuwa mpishi wa wagonjwa, Msukuma mwenye tumbo na kicheko, na mke wake Mama Kabula aliuza karanga nje ya lango. Kama mnavyojua, Wasukuma na sisi Wanyiramba ni watani. Sijapata kuingia jikoni kwake bila kutukanwa.

“Hodi.”

“Ficheni nyama, Mnyiramba kaingia.”

“Nyama ipo? Nilidhani Msukuma ameshaionja yote.”

“Haya, leo Wajerumani wamesemaje?”

Nikamwambia. Alipenda misemo ile kuliko mimi. Siku nilipomwambia kwamba Mjerumani mmoja akifa, wenzake wakitaka kufanya mzaha husema amekabidhi kijiko, Masanja aliacha mwiko ndani ya uji akaja kukaa karibu yangu. “Amekabidhi kijiko,” alisema polepole. “Hawa watu kumbe wanajua.” Kuanzia siku hiyo kuku wake hawakuchinjwa tena, walikabidhi vijiko.

Sasa nifike kwenye lile zito.

Daktari Konrad alikuwa na msemo mmoja wa kujivunia. Alisema yeye hachukui jani mbele ya mdomo. Niliutafuta penye jani: maana yake ni kusema ukweli waziwazi bila kuufunika. Aliamini kwamba kumficha mtu habari ni kumwibia. Mgonjwa akifa, alitoka hapo hapo mpaka barazani walipokaa ndugu, akasema, na mimi nikasema. Mdomo ni wake, lakini sauti ni yangu. Wenyewe mnajua kwetu habari ya kifo haibebwi na yeyote. Wafiwa huletewa na mtu anayestahili, na anayestahili kuliko wote ni mtani, kwa sababu yeye hata akisema vibaya hakosi, na ukimwona amekuja na maneno ya ovyo, moyo wako umeshaelewa kabla ya masikio.

Mimi nilikuwa nimechumbiwa. Elia wa Kinyangiri, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Baba yake aliletwa kwetu akiwa na ngiri iliyosokotana, akachelewa. Alipokata roho daktari alivua glavu akatoka. Barazani alikuwa amekaa mama yake Elia, mama mkwe wangu mtarajiwa, ambaye kwa heshima nilikuwa hata simtazami usoni. Nilimshika daktari mkono wa koti. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha pasi, “Huyu siwezi, Daktari. Huyu ni mama.” Akanijibu kwa upole kabisa, “Ndiyo maana asikie kwa mtu anayempenda. Bila jani, Tabita.”

Nikasema. Mama aliniangalia mpaka nilipomaliza. Hakulia. Alikunja kanga aliyokuwa akikalia, akaniuliza, “Wewe mwanangu, ulikuwa na haraka ya nini?” Kisha akaenda zake.

Mahari ilirudishwa kwa heshima, hakuna aliyenitukana. Elia alikuja mwenyewe kuniambia kwamba mama yake hawezi kupokea maji mkononi mwangu. Alikwenda kuoa Iguguno. Tangu hapo nikawa na jina la mbeba misiba. Nikipita kijijini kuwasalimu watu, mazungumzo yanakatika, mama anamwita mtoto ndani. Nikibisha hodi mahali, kimya kinakuja kwanza. Nilijifunza kuita kutoka mbali, “Ni Tabita, sina kitu!” Ndipo mlango hufunguliwa, na hata hapo nusu. Nilikuwa msichana niliyependa kukaa na watu, na nikaona wazi kwamba kazi ile ikiendelea hivyo sitapata mlango wa kunipokea maisha yangu yote.

Masanja alinikuta nalia kwenye magunia ya maharage. “Kosa si lako,” alisema. “Kosa ni la huyo Mjerumani wako asiye na watani. Mwambie.”

“Nimwambie nini? Atasema ni ushirikina.”

“Si una kitabu chao? Kitafute humo.”

Nikaenda rafuni. Safari hii sikutafuta msemo, nilitafuta kifo. Lo! Kurasa kwa kurasa. Amefumba macho. Ameenda nyumbani. Ameubariki ulimwengu. Ameuma majani. Amekabidhi kijiko. Nikaweka vijiti kwenye kurasa, nikambebea daktari kitabu chake mwenyewe kama mtu anayemrudishia jirani ng'ombe.

“Daktari,” nikasema, “hapa penye jani wewe unasema hutaki jani. Lakini penye kifo watu wako wameweka msitu.”

Alisoma. Alisoma muda mrefu, amesimama. Bibi Irma alikuwa mlangoni, akasema jambo moja tu, “Anasema kweli, Konrad.” Daktari akafunga kitabu akaniuliza kwetu inafanywaje. Nikamweleza utani. Kuanzia hapo ukawa utaratibu, na wengine wenu mliukuta bila kujua ulikotoka: daktari ananiambia mimi, mimi namwambia Masanja, Masanja anavua aproni anakwenda barazani kuwatukana wafiwa.

Mlimsikia. “Ninyi Wanyiramba mnakaa hapa mnakula viazi vya serikali, na mzee wenu amechoka kuwabeba ameamua kutua mzigo!” Watu wakaanza kulia na wakati huo huo kumrushia makapi na viatu. Nikasimama mlangoni nikaona kwamba kilio chenye mtu wa kumrushia kiatu si sawa na kilio kitupu. Kwa wasio watani wake, Wanyaturu na wengine, tulitafuta mtani wao wodini, hata mgonjwa mwenye dripu. Jina langu halikufutika, la hasha. Watu wana kumbukumbu. Lakini halikuongezeka.

Miaka ikaenda hivyo. Azimio likaja, nyumba zikaanza kuhamishwa kupangwa mistari, wagonjwa wakaja na vumbi la kujenga upya. Bibi Irma akazidi kukohoa.

Masika moja daktari alikwenda na Land Rover kliniki ya Kinyangiri, mvua ikakata njia nyuma yake. Bibi Irma alishikwa na homa kali, ikapanda kichwani. Mganga msaidizi alifanya kila alichojua. Mimi nilikaa naye. Mwishoni aliongea Kijerumani cha utotoni ambacho hakikuwa kwenye kitabu changu chochote, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, kwa sababu sauti ilikuwa inauliza. Alifariki jua likiwa utosini.

Kesho yake alasiri mtu alikuja mbio kusema gari limeonekana linashuka kwenye mawe. Wote barazani wakanitazama mimi. Na mimi nikaona tena ile kanga ikikunjwa.

Masanja akatoka jikoni, aproni ameivua. Mkononi ana kijiko cha Bibi Irma.

“Masanja, hapana.”

“Nani mwingine? Wewe si mtani wa daktari. Unampenda, huwezi.”

“Na wewe ni mtani wake tangu lini?”

“Watani ni nani? Ni watu waliopigana zamani wakachoka. Babu yangu alichapwa viboko na babu zake, na wetu waliwatupia mishale. Huo ni utani kamili, ulibaki kuanzishwa tu.”

“Sikiliza,” nilimshika shati. “Msemo huo una alama kitabuni. Ni wa mzaha, wa mtaani. Hausemwi mbele ya mfiwa. Utamtukana mbele ya maiti ya mkewe.”

“Tabita,” akasema, na hii ndiyo siku pekee aliyoniita jina bila kunitania, “mtani amepata kusema maneno ya kanisani lini?”

Akatoka. Sikumfuata mbali, nilisimama langoni. Alisimama katikati ya njia, gari likasimama mbele ya tumbo lake. Daktari akateremka na matope mpaka magotini, anatabasamu, anauliza kuna nini. Masanja alimwekea kijiko mkononi akamfunga vidole juu yake, kama unavyomfunga mtoto senti ya dukani.

Daktari alikitazama. Aliutambua ule mpini. Uso wake uliondoka, sijui niseme vipi, uliondoka ukamwacha. Kisha akaninyanyulia macho pale langoni na kuniuliza kwa Kijerumani neno moja: lini? Nikamwambia. Akatia kijiko mfuko wa koti, akatupita wote wawili kama watu asiotujua.

Usiku kucha na asubuhi hakusema nasi. Watu walimlaani Masanja waziwazi, na mimi nilijua wanatulaani wote. Nilisema moyoni, basi, hata mlango huu umefungwa.

Tulimzika Bibi Irma nyuma ya kanisa. Mchungaji alipomaliza kuomba na watu kushika majembe, Masanja akafanya tulichoogopa. Aliketi ukingoni, miguu ndani ya kaburi, mikono kifuani. “Sitoki,” alisema kwa Kiswahili. “Huyu mama aliudharau uji wangu miaka yote. Nilipwe kwanza, ndipo mtamfukia.” Mchungaji akasogea kumwondoa. Mimi nikaona daktari anatazama. Akainama mbele yangu akauliza, “Anataka nini?”

“Anataka kulipwa, Daktari. Ni desturi. Mtani hulipwa.”

“Na mtu akimlipa?”

“Amekubali kwamba wao ni watani.”

Alitia mkono mfukoni, akatoa kijiko. Akazunguka kaburi, akachuchumaa kwenye udongo na suti yake nyeusi, akamkabidhi Masanja. Hapo ndipo alipolia, na Masanja akamshika mabega, wakakaa wawili miguu ndani ya kaburi, mrefu na mnene, mpaka tukawainua.

Baadaye, akifunga vitabu vyake, aliniambia kwamba baba yake msaga nafaka alisema msemo ule ule wa kijiko siku mkewe, mama wa daktari, alipofariki, mbele ya watu, na kijiji kizima kilimwona mtu asiye na moyo. “Nilikuwa mdogo. Niliapa nitasema kifo kwa jina lake siku zote,” alisema. “Kumbe baba alikuwa hana mtani wa kumsemea.” Aliondoka kiangazi kile. Kitabu cha misemo aliniachia. Wajerumani wengine walikuja na kwenda, hakuna aliyekaa, na Kijerumani chao kilikuwa cha makopo ya unga.

Masanja alitundika kijiko msumarini jikoni, hakikugusa chakula. Kiangazi hiki kilichopita ini lilimvimba. Alinitania mpaka siku ya mwisho, sauti ikiwa imebaki nyuzi mbili. Alipotulia, mganga mkuu mpya alitazama huku na huku barazani akauliza ni nani atakayekwenda kumwambia mkewe, tumtume mtu na baiskeli?

Nikasema nitakwenda mimi. Hakunielewa, si mtu wa huku. Mimi Mnyiramba, Mama Kabula Msukuma. Katika kazi yangu yote ilikuwa mara ya kwanza mimi kustahili.

Nikakitoa kijiko msumarini nikatembea hadi kijijini kwao, kwenye nyumba za mstari. Milango ilifungwa mmoja mmoja mbele yangu, na safari hii sikuita kwamba sina kitu. Mama Kabula alikuwa uani anapepeta uwele. Nilikuwa nimejipangia matusi njia nzima, mazuri, Masanja angeyapenda. Nikafungua mdomo. Hayakutoka. Nikamnyooshea kijiko.

Alikitazama, ungo ukasimama hewani. Kisha akanitukana yeye, maana mmoja wetu ilibidi.

“Mnyiramba mwizi wewe. Siku zote unakula jikoni kwa mume wangu, leo ndiyo unarudisha kijiko?”

“Mwenyewe amekikabidhi, mama.”

Aliuweka ungo chini taratibu uwele usimwagike. Alilia, nami nililia, na majirani wakaanza kutoka. Nilipoinuka niondoke, kama nilivyozoea kuondoka, akanivuta kanga. “Unakwenda wapi? Kaa. Karibu, kaa hapa.” Nikakaa. Tulipotoka kuzika alinilipa, kwa desturi, na mnajua alinilipa nini.

Kipo hapa mezani ninapoandika. Sukari imeadimika duka la kijiji, chai nakunywa hivi hivi. Lakini naikoroga.